Mita 270 za Saini: Wanawake wa New Zealand na Kura ya 1893

Mabibi na mabwana, New Zealand ilikuwa nchi ya kwanza inayojitawala kuwapa wanawake wote wazima haki ya kupiga kura ya bunge. Leo nataka tuangalie jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa maana sehemu kubwa yake ilikuwa karatasi, gundi na posta.

Waliobeba mzigo ni wanawake wa chama cha Kikristo cha kupinga ulevi, kilichoanza huko mwaka 1885. Kampeni ya kura iliongozwa na Kate Sheppard wa Christchurch. Maombi ya 1891 yalipata saini zaidi ya 9,000. Ya 1892, karibu 20,000. Ya 1893, karibu 32,000. Karatasi zilizojazwa zilirudishwa kwa Sheppard, naye akaziunganisha kwa gundi, moja baada ya nyingine. Ombi kuu lilikuwa na karatasi 546, urefu wa mita 270, likazungushwa kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Mbunge John Hall alilikunjua ndani ya bunge likaserereka sakafuni hadi ukuta wa mwisho. Karatasi 546 zikiwa zimetawanyika mezani, nani angezitazama?

Wenye biashara ya pombe nao walikusanya saini zao, nyingine kwenye mabaa. Mbunge Henry Fish wa Dunedin aliajiri watu na kuwalipa kwa kila saini. Ukilipa hivyo, unajua utakachopata: majina ya uongo na waliosaini kwa kudanganywa. Yalipofichuka, maombi yake yakakosa uzito.

Lakini saini peke yake hazipitishi sheria. Mwaka 1891 muswada ulipita bungeni, mbunge mmoja akauchomekea kifungu cha kuwaruhusu wanawake kugombea, akijua baraza la juu litaukataa. Ukaanguka huko kwa kura mbili. Mwaka 1893 Waziri Mkuu Richard Seddon alikuwa na hesabu zake. Alitaka muswada uanguke tena katika baraza la juu, akampelekea mjumbe mmoja wa chama chake humo simu ya maandishi abadili kura yake na kuupinga. Wajumbe wawili wa upinzani, ambao hawakuutaka muswada huo, walikasirishwa na hila hiyo wakaamua kuupigia kura ya ndiyo. Tarehe 8 Septemba ukapita kwa 20 dhidi ya 18. Gavana akautia saini tarehe 19.

Hapo ndipo kazi niionayo ngumu kuliko zote ilipoanza, ingawa haisimuliwi sana. Uchaguzi ulikuwa tarehe 28 Novemba, yaani wiki kumi tu, na hakuna jina hata moja la mwanamke lililokuwa kwenye daftari la wapiga kura. Wanawake wa kampeni wakapita nyumba kwa nyumba. Waliandikishwa wanawake 109,461, na 90,290 wakapiga kura. Wanawake wa Kimaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, nao walipiga kura Desemba, kwa viti vya bunge vilivyotengwa kwa Wamaori.

Kugombea hakukuwemo katika sheria ile. Mei 1893 Meri Te Tai Mangakahia alikuwa ameliomba bunge la Wamaori, Te Kotahitanga, yote mawili: kura na kiti. Bunge la nchi, huko Wellington, liliruhusu wanawake kugombea mwaka 1919, na Elizabeth McCombs akawa wa kwanza kuchaguliwa, mwaka 1933, katika uchaguzi mdogo wa Lyttelton.