Hesabu ya Hodi: Mhadhara wa Mwalimu Mstaafu kwa Wakulima wa Newala

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi. Kila mtu achukue salamu yake.

Mwenyekiti kanipa dakika arobaini. Mwaka juzi alinipa saa nzima nikamlia mbili, kwa hiyo simlaumu. Barua yake inasema nije nizungumzie "neema ya kweli". Nikajiuliza, huyu bwana ananitania? Newala, mwezi wa Oktoba, mnada wa kwanza wa korosho wiki ijayo, halafu mzee asimame kuwaeleza watu neema ni nini? Neema mnaijua. Neema ni bei. Nusu yenu hapa mmeshika simu mnangoja mtu wa Tandahimba awaambie mwaka huu mnada utafungua na ngapi.

Mimi sina ugomvi na bei. Nalisema mapema, maana kila nikianza mazungumzo haya kuna kijana huinuka akasema, "Mwalimu, hayo ni maneno ya maskini kujifariji." Sikiliza mwanangu. Nina mikorosho. Napuliza salfa kama wewe na napiga chafya kama wewe. Msimu ule wa 2018, bei za wanunuzi zilipokataliwa, serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kuzoa mzigo, nami nilikuwa kwenye foleni hiyo hiyo na magunia yangu. Anayesema fedha si kitu, muulize ada ya mtoto wake inalipwa na nani. Na njaa haijawahi kumfundisha mtu utu. Njaa humfundisha mtu kuiba muhogo.

Hapo tumekubaliana, tusirudi nyuma. Ninachouliza ni kingine. Mtu akishazipata hizo fedha, utajuaje kama kaneemeka? Kipimo changu ni kimoja, na wanafunzi wangu wa zamani waliomo humu wameshakichoka: hodi. Hesabu hodi zinazobishwa mlangoni kwako.

Mnacheka. Haya, twendeni Kilwa.

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri kutoka Moroko, Ibn Battuta. Kilwa ya wakati ule haikuwa magofu ya kupigia picha. Dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwake, na mji wenyewe msafiri yule, aliyetembea dunia, aliusifia uzuri. Sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipaji, kwa vile alivyokuwa akitoa. Ndiye anayetajwa kuijenga Husuni Kubwa, lile jumba la juu ya mwamba lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Wachimbuaji wa mambo ya kale wanasema jumba halikumalizika. Nyumba kubwa isiyoisha. Hata hapa mjini tunazo, sitaji mtaa.

Sasa siku ya Ijumaa sultani katoka msikitini, anarudi kwake. Njiani akamkabili fakiri mmoja kutoka Yemen. "Ewe Abu al-Mawahib!" Sultani akaitika, una haja gani fakiri? "Nipe nguo hizo ulizovaa." Hebu fikirini. Ukitoka kusali leo mtu akuombe suti yako mwilini! Utamwita mgambo. Sultani akasema, nitakupa. Fakiri akasema, sasa hivi. Sultani akasema, naam, sasa hivi. Akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwambia fakiri aingie akazichukue zile. Fakiri akazifunga kitambaani, akajitwika kichwani, huyoo. Watu wakamsifu sana sultani. Mwanawe akazichukua nguo kwa fakiri na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyoshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki nimekisimulia darasani miaka mingi, na kila mara nilikuwa naishia hapo, kwenye makofi. Mpaka siku moja binti wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, na wale ishirini walipewa nini?"

Sikuwa na jibu. Niliwaambia watoto wafunge madaftari, kengele bado dakika kumi.

Maana Ibn Battuta huyo huyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za bara na kuteka nyara. Bara ni wapi? Ni huku! Wale ishirini walikuwa na mama zao, na mama zao walikuwa na milango. Kwa hiyo tunapomsifu baba wa vipaji tuseme yote mawili: mkono wake ulikuwa wazi, na mzigo wa ule ukarimu aliubeba mtu mwingine. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Lakini kisa kina mkia, na mkia ndio niliotaka. Sultani alipokufa akatawala ndugu yake, Daud. Ufalme ni ule ule, bahari ile ile. Mwombaji akija, Daud humjibu kwamba aliyekuwa akitoa kafa, na hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa kwake miezi na miezi ndipo wapewe kitu kidogo, mpaka watu wakaacha kwenda mlangoni kwake. Basi. Hakupinduliwa wala hakufilisika. Mlango tu ulinyamaza. Labda ni kweli kaka yake alimaliza ghala, simsingizii marehemu. Ila tuna methali ambayo siku hizi tunaikata mkia: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Usambe, yaani usiseme. Wahenga walijua kuna mtu atasimama aseme, "Nitatoa nikishapata."

Sasa nitoke kwa masultani, nije kwa bibi yangu, aliyekaa kilomita chache kutoka hapa tulipo.

Vijana wa bomba hamjui, lakini wazee humu wanajua maji ya uwanda huu yalikuwa nini. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, maji yanakwenda chini kusikofikika. Sisi tuko juu, chemchemi ziko bondeni. Akina mama walishuka mteremko usiku wa alfajiri, wakipanda na mtungi kichwani jua limeshapaa. Kwa hiyo mtu hapa alipimwa kwa maji. Ukimwibia jirani kuku, mtasuluhishwa. Ukichota mtungi wake bila ruhusa, hapo ni jambo jingine.

Nilikuwa na miaka kama saba. Akaja mpita njia, mtu wa mbali, kabila silijui. Hodi. Bibi akasema karibu. Mnasikia? Alisema karibu kabla hajatazama mtungini. Mimi ndiye niliyekuwa nimetazama. Maji yalikuwa chini, ya kutosha uji wa usiku na basi. Akachota kata akampa. Yule bwana akanywa, akashusha pumzi, bibi akachota kata ya pili! Nikanung'unika, kitoto tu. Bibi akaniambia, "Mimi kesho nitashuka tena. Huyu kesho hayupo."

Hilo neno limekaa nami zaidi ya miaka sitini. Bibi hakuwa na kitanda cha maana. Lakini alikuwa anajua njia ya bondeni, alikuwa na miguu, na alikuwa na majirani ambao angeugua wangemletea ndoo. Kwa hivyo vitatu akaona maji yake yanatosha kwa wawili. Mimi nilikuwa nimeona mtungi tu.

Sasa najua mama mmoja pale mbele ananiangalia kwa jicho. Mama, nakusoma. Unataka kusema, "Mwalimu, usisifie shida." Sisifii! Bomba lipite mlangoni kwangu leo, nitalibusu. Bibi alikufa na shingo iliyopinda, na hakuna hotuba ya kuinyoosha. Na kuna jingine nilichelewa kuliona. Babu alisifika vijiji vitatu kwa ukarimu. Nyumba ya mzee fulani hukosi maji, watu wakisema. Babu hakushuka bondeni hata siku moja. Sifa zikaenda barazani kwake, mtungi ukabaki kichwani kwa bibi. Mnaona tumerudi wapi? Tumerudi kwa sultani. Ndiyo maana kile kipimo changu nimekirekebisha uzeeni: hesabu hodi, halafu uliza nani alibeba maji.

Dakika ngapi zimebaki? Kumi na mbili. Mwenyekiti, wewe na saa yako.

Kuna pingamizi ambalo ni la haki kabisa. Mtu atasema, "Mwalimu, Novemba kwangu hodi haziishi. Mjomba anayetoka sijui wapi, mwenye duka la mabati, dada wa mjini aliyekuja kufunga ndoa ya msimu." Zote hodi! Na zile hadithi za mbuzi kunyweshwa soda bei ikinoga, mnazijua kuliko mimi, wengine mnamjua hata mbuzi. Basi nasema hivi: za Novemba usizihesabu. Hesabu za Februari. Mvua inapiga, ghala limeisha, mahindi bado mabichi, watu wanaingia porini kuchimba ming'oko. Nani anakuja kwako Februari? Na wewe, ukikwama Februari, unaweza kwenda kubisha kwa nani bila kuinamisha kichwa?

Hapa ndipo neema inapogeuka kuwa hesabu ya shilingi, nyie mnaopenda hesabu. Kangomba, yule mnunuzi wa korosho kwa njia za panya, anaishi wapi? Anaishi Februari. Anaishi kwa mtu asiye na pa kubisha hodi. Mtoto anaumwa, au salfa inatakiwa na mfuko mtupu, anakuja bwana na noti zake, mnaelewana kwa kibaba, na korosho ambayo bado haijawa hata ua imeshauzwa. Oktoba wenzako wanapeleka chama cha msingi, wewe unapeleka kwa mwenye kibaba. Tumepiga marufuku, tumekamata, tumehubiri. Ila kwenye nyumba ambayo jirani angeweza kuikopesha debe la mahindi mpaka msimu, kangomba hupita akaenda mbele. Hilo debe haliandikwi popote, lakini ni mtaji.

Na msimu ule wa foleni, fedha zilipochelewa kutufikia, nani alikula? Mtaani kwangu walikula wale waliokuwa wamelisha wengine. Mimi mwenyewe nilipelekewa samaki wakavu na mtu niliyewahi kumchapa shuleni. Nilikula kwa aibu, lakini nilikula.

Akina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, mnalijua hili bila mhadhara. Lile sanduku la kufuli tatu, wanaume wanadhani ni benki ndogo. Mfuko wa jamii uliomo mle, wa msiba na ugonjwa, ndio ninaousema mimi tangu asubuhi. Nilitaka kulikalia hili, halitawezekana.

Nilikuwa pia na la karanga za Nachingwea, nalo nilipitie mbio. Waingereza walianza kilimo hicho 1947 na matrekta na reli, wakaja na bandari ya Mtwara, wakatumbukiza mamilioni 36 ya pauni kwenye mpango mzima, Kongwa na Urambo vikiwemo. Mwaka 1951 wakaukunja. Reli iling'olewa. Fedha zilikuwepo, mashine zilikuwepo, ila aliyekuwa akilima pale siku zote hakubishiwa hodi aulizwe mvua inakuja vipi. Na gesi? Ya gesi tusiyaanze leo, tutafika magharibi. Na mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake iko Berlin, naye mwacheni alale.

Kuhusu vinyago vya ujamaa, vile vya watu kupandana katika gogo moja la mpingo, nilikuwa na jambo zuri sana. Kila mtu humwangalia aliye juu kabisa. Siku mkikiona, tazameni yule wa chini shingo yake ilivyo. Basi, mwenyekiti kasimama.

Nasikia kuna pilau. Nimeisikia harufu tangu nilipofika Kilwa. Na wakati nazungumza nimekuwa nikitazama dirisha hili la kushoto. Tangu nianze zimepita ndoo kumi na moja vichwani, na humu ndani hakuna mpishi hata mmoja aliyesikia neno. Kijana wa mlangoni, wewe uliyetaka kutoroka, leo nakuruhusu. Toka. Nenda nyuma ya ukumbi ukawaambie mama zako waache sufuria kidogo, waje wakae hapa mbele. Sisi wazee tutasimama, na wewe ukirudi shika sinia upakue.