Kutoka Cape Town Hadi Jangwa la Namib kwa Gari: Nawajibu Mnaouliza Kuhusu Pesa na Makaratasi

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa Mombasa na nyote mnaonitazama kutoka nyumbani. Tangu niseme kwamba ninapanga safari ya gari kutoka hapa Cape Town, kupitia mashamba ya mizabibu, hadi pwani ya jangwa la Namib, swali linalonifikia kila siku ni lile lile: mwenye pasipoti ya Kenya anaweza kwenda, na atahitaji pesa kiasi gani? Pamoja na swali hilo huja maneno mengine, kwamba ninajionyesha, na kwamba Mwislamu hana shughuli katika shamba la mvinyo. Nitayajibu yote, na ninaomba mnisikilize kabla ya kunihukumu.

Kuhusu viza sitakawia, kwa kuwa wengi mnajua kwamba Afrika Kusini iliwaondolea Wakenya viza kuanzia tarehe 1 Januari 2023, kwa ziara zisizozidi siku 90 kwa mwaka, na Namibia nayo haitudai viza ya matembezi. Kinachosahaulika ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya hudaiwa cheti hicho, na chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku kumi, kwa hiyo anayeikimbilia siku mbili kabla ya ndege amejiweka pabaya.

Kikwazo kikubwa ni gari. Ukikodisha gari Cape Town, ni lazima kampuni ikupe barua ya kukuruhusu kuvuka mpaka nalo, na barua hiyo hulipiwa. Gari likiwa lako lakini bado unalilipia mkopo, utahitaji barua ya benki. Nyuma ya gari kunatakiwa kibandiko chenye herufi ZA, yaani gari la Afrika Kusini, na ukifika Noordoewer, kituo cha mpakani upande wa Namibia, unalipa tozo ya gari la kigeni na kupewa stakabadhi ambayo unapaswa kuitunza, kwa kuwa unaweza kuulizwa unapotoka. Juu ya hayo kuna amana, ambayo kampuni nyingi huizuia kwenye kadi ya mkopo na hazikubali kadi ya kawaida ya benki, jambo linalomwumiza mgeni ambaye benki bado hazijamwamini.

Hapa nina uchungu wangu, na nitausema. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilizuia amana yangu kwa wiki nyingi kwa sababu ya ufa mdogo kwenye kioo cha mbele, ilhali ufa huo ulikuwapo tangu nilipokabidhiwa funguo na picha zake ninazo. Niliandika barua pepe, nikapiga simu, nikajibiwa kwamba suala langu linashughulikiwa. Pesa zilirudi hatimaye, lakini kodi ya nyumba ya mwezi ule niliilipa kwa kukopa. Ndiyo maana sasa ninasoma mkataba wa bima neno kwa neno, hasa sehemu inayohusu tairi, kioo na chini ya gari, kwa kuwa hizo ndizo sehemu ambazo bima ya bei nafuu huziacha nje, na ndizo zinazoharibiwa na changarawe ya Namibia.

Sababu hiyo hiyo imenifanya nisiende Sossusvlei, kwenye matuta makubwa ya mchanga ya Namib, safari hii, ingawa wengi mmenishauri niende. Njia za kufika huko ni za changarawe kwa masafa marefu, na kilomita tano za mwisho ni mchanga mtupu usiopitika kwa gari dogo. Nimechagua Lüderitz, mji wa pwani ya Namibia, kwa kuwa lami inakufikisha hadi mjini: unashika barabara ya N7 hadi mpakani, takriban kilomita 700, ambazo ni zaidi ya Mombasa hadi Nairobi, kisha B1 hadi Keetmanshoop na B4 kuelekea baharini. Gari dogo linatosha, na gharama tutagawana wanne. Kwa hiyo shangazi yangu wa Kibokoni aliyenitumia ujumbe kwamba nina pesa za kutalii lakini sina za harusi, ninamheshimu sana, ila mchango wa harusi niliutuma kabla sijaweka senti moja ya safari hii, na maneno yale yaliniumiza.

Sasa mizabibu. Mimi sinywi, na sitakunywa. Lakini huwezi kutoka Cape Town kuelekea kaskazini usipite Malmesbury na bonde la Mto Olifants, ambako mizabibu hulimwa, na historia ya mashamba ya Rasi, yaani eneo hili la Cape Town, inatuhusu. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa mwaka 1659, na kilimo hicho kilijengwa kwa jasho la watumwa walioletwa kutoka Bara Hindi, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Msumbiji, yaani watu wa bahari yetu. Sheikh Yusuf wa Makassar, mwanachuoni wa Kiislamu kutoka Indonesia, alihamishiwa huku na Waholanzi mwaka 1694, akawekwa katika shamba la Zandvliet, si mbali na Stellenbosch, na kaburi lake huzuriwa hadi leo. Nitaanza safari kwa kulizuru, ingawa haliko njiani. Ukifika Mto Orange, Noordoewer na Aussenkehr, utakuta zabibu za kula, kijani kibichi kati ya milima isiyo na jani, kwa maji ya mto peke yake.

Jangwa lenyewe hufika hadi ufukweni. Mkondo wa Benguela ni baridi, hivyo upepo wa baharini huleta ukungu na hauleti mvua. Waliozoea maji ya Nyali wasitarajie kuogelea Lüderitz. Karibu na mji huo kuna Kolmanskop, mji wa zamani wa machimbo ya almasi, na karibu nao Zacharias Lewala, mfanyakazi wa reli, aliokota almasi mwaka 1908. Wengine wakatajirika, na Kolmanskop ikahamwa mwaka 1956, nyumba zikajaa mchanga. Kuingia kunahitaji kibali kinacholipiwa. Ninataka jina la Lewala litajwe Mombasa, kwa kuwa picha za nyumba zile zinasambaa kila mahali na jina lake halitajwi.

Haya ni mapendekezo yangu kwa hali yangu. Mwenye kibali cha ukaazi kinachosubiri kufanywa upya asivuke mpaka kabla ya kuuliza wanaohusika, kwa kuwa kurudi kunaweza kuwa kugumu kuliko kutoka. Randi zinatumika Namibia kwa thamani sawa na dola yao, lakini dola yao ni vigumu kuitumia ukirudi huku, hivyo zimalizeni kabla ya mpaka. Nyama ya halali nitainunua Cape Town na kuibeba katika sanduku la barafu. Mkataba wa bima sijautia saini bado, na anayejua masharti ya kuendesha gari usiku Namibia aniandikie wiki hii, kwa sababu nikishalipa sitaweza kuubadilisha.