Jicho Kwanza: Namna ya Kupiga Picha ya Uso Iliyoshika Fokasi

Karibuni tena. Leo tunapiga picha ya uso, na tunatafuta kitu kimoja tu: jicho lililo karibu na kamera litoke kali kiasi cha kuhesabu kope. Jicho likishika, sikio likififia hakuna atakayeuliza. Jicho likikosa, hata nguo ipendeze vipi, picha imekwenda.

Kabla hatujagusa kamera, chukua picha yako mwenyewe iliyotoka na ukungu, uikuze kwenye skrini hadi mwisho. Tazama hii ya kwangu, ya bi harusi siku ya sendofu. Vijiwe vya hereni vinaonekana kimoja kimoja, lakini jicho limefifia. Maana yake fokasi ilikuwepo, ila iliangukia nyuma, sentimita chache tu. Niliigundua usiku nikiwa nyumbani, na sendofu hairudiwi. Iliniuma sana, ndiyo maana nataka wewe ujue mapema. Sasa tazama hii ya pili. Hakuna kilichoshika popote, na ile nukta ya mwanga jichoni imevutika ikawa kistari. Hapa mkono ulitikisika, au aliyepigwa picha alisogea. Haya ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake. Usikimbilie kununua lenzi nyingine kabla hujajua lako ni lipi.

Haya, twende kazini. Nina kamera ya sensa ya APS-C, yaani kipande kinachopokea picha ni kidogo kuliko kile cha fremu nzima, na lenzi ya 50mm f/1.8, lenzi ya bei nafuu ambayo wengi huanza nayo. Hiyo f ni kipimo cha tundu linalopitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Shangazi yangu amekubali kukaa. Nimemweka barazani, mwanga wa mchana unamjia kwa ubavuni. Autofokasi, yaani kamera kujitafutia fokasi yenyewe, hushika pale cheusi kinapokutana na cheupe, kama ukingo wa mboni. Uso ukiwa gizani, utaona lenzi inapapasa tu, mbele na nyuma.

Sasa ingia kwenye menyu ya fokasi. Kwa mtu aliyetulia, chagua ile inayoshika mara moja na kubaki hapo: Canon wanaiita One Shot, Nikon na Sony wanaiita AF-S. Ukipiga mtoto asiyekaa, tumia Servo kwa Canon, au AF-C kwa hao wengine, ili kamera iendelee kumfuata.

Halafu, na hili ndilo kubwa kuliko yote leo, usiiachie kamera ichague pointi ya fokasi, yaani mahali inapolenga. Mara nyingi itashika kilicho karibu zaidi: pua, au ukingo wa mtandio. Weka pointi moja, uisogeze kwa vitufe vya nyuma mpaka ikae juu ya jicho. Kamera yako ikiwa na utambuzi wa jicho, iwashe, lakini hakikisha kiboksi kimekaa kwenye jicho la karibu. Na kwa mwenye miwani, angalia kisije kikashika fremu.

Wengi tumefundishwa kushika fokasi kwa pointi ya katikati, kisha kuzungusha kamera ili kupanga picha. Ukiwa mbali, sawa. Ukiwa mita 1, ukizungusha nyuzi 15 tu, fokasi inahama zaidi ya sentimita 3 nyuma ya jicho. Kwa lenzi hii kwenye f/1.8, sehemu yote inayotoka kali kwa umbali huo ni kama sentimita 3, mbele na nyuma ya jicho kwa pamoja. Umeshalikosa. Ndivyo nilivyoishia kwenye hereni.

Kwa hiyo punguza tundu la lenzi. Ninapandisha namba hadi f/4, ninarudi nyuma hadi mita 2. Sasa sehemu inayotoka kali ni takriban sentimita 25, uso mzima unaingia. Nyuma kutafifia bado, mradi ukuta uwe mbali na mgongo wake. F/1.8 ina uzuri wake, lakini ianze kukutii f/4 kwanza.

Dawa ya ugonjwa wa pili, ule wa kutikisika, ni spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga. Usishuke chini ya 1/200 ya sekunde. Kitulizi cha mtikisiko kilichomo kwenye baadhi ya lenzi kinasaidia mkono wako, hakimzuii mtu kupumua wala kutikisa kichwa. Mwanga hautoshi? Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, 800, hata 1600. Chengachenga kidogo zinavumilika, jicho lililovutika halitengenezeki.

Sasa mwili wako. Viwiko vibane mbavuni, mguu mmoja mbele, mkono wa kushoto uibebe lenzi kwa chini.

Shangazi, naomba utazame huku kwenye lenzi, kidevu chini kidogo. Hapo hapo, asante.

Pointi iko kwenye jicho la kushoto. Nabonyeza kitufe cha kupigia nusu, kiboksi kimekuwa kijani. Natoa pumzi. Nabonyeza hadi mwisho, picha tatu mfululizo, kwa sababu sote wawili tunayumba bila kujijua.

Usimruhusu mtu ainuke bado. Fungua picha, kuza kwenye jicho. Skrini ndogo hudanganya picha ikiwa nzima. Ya kwanza amepepesa. Ya pili kope zimefifia kidogo. Ya tatu, sogea uone: ule mwanga wa baraza umekaa ndani ya mboni, na nguzo yake inaonekana.

Shangazi, tumemaliza, pumzika.