Lami ya zamani irudi barabarani: kuichanganya kwa joto la chini

Habari zenu watazamaji. Tupo Tanga, na rundo hili nyuma yangu ni lami iliyokwanguliwa barabarani. Wengi huiita kifusi wakaifukia mashimo ya uchochoroni. Inaniuma, maana humu mna kokoto na lami ambazo nchi ilishazilipia.

Kwanza, iponde na kuichekecha. Tenga punje zilizo chini ya milimita 10 na zilizozidi hapo.

Pili, maji, na hapa naomba tutulie. Sogeza kamera. Konzi hii nimeichota tumboni mwa rundo: juu pakavu, ndani inang'aa majimaji na vumbi linanata kidoleni. Pima kilo moja, ikaushe kwenye tanuri kwa nyuzi 110 hadi uzito usishuke tena. Ikibaki gramu 950, basi kila tani imebeba lita 50 za maji, ndoo mbili na nusu kubwa! Mtayachemsha kwa mafuta yenu. Na kwa kuwa joto letu ni dogo, yatakayosalia yataibandua lami kwenye kokoto. Masika ya huku mnayajua, kwa hiyo jengeni banda la bati lililo wazi pembeni. Turubai likilalia rundo hufungia jasho.

Tatu, vipimo. Lami ya zamani iwe asilimia 20 ya mchanganyiko: kilo 200 kwa tani. Kama asilimia 5 yake ni lami yenyewe, ile gundi nyeusi, tayari una kilo 10. Tani ya mchanganyiko ikihitaji kilo 50 za gundi hiyo, ongeza 40 tu. Tia na chokaa ya unga asilimia 1, isaidie lami kushika kokoto.

Nne, joto. Moto usiiguse lami ya zamani, itafuka moshi na kuungua. Pasheni kokoto mpya, zenyewe ziipashe. Kisha lami mpya ya moto idungwe maji kidogo, kilo 2 kwa kila 100. Ndiyo, maji tena, ila haya yamepimwa: yanageuka mvuke, lami inaumuka povu na kuzipaka kokoto vizuri kwenye nyuzi kama 130, badala ya 160 za kawaida. Moshi unaowafikia vijana wa beleshi unapungua sana, nami kwa hilo peke yake ningeichagua njia hii.

Tano, tandaza. Roli ya kushindilia iingie mkeka, yaani tabaka ulilotandaza, ukiwa juu ya nyuzi 100, imalize kabla haujafika 80. Magari yasubiri hadi ushuke chini ya 50.