Nani Aliona Sumu Kisimani?

Asante mwenyekiti. Vijana wangu, shikamoo zenu nimezipokea, tuingie kazini.

Kila nikizungumzia chuki dhidi ya Wayahudi hapa Arusha, hakosi mtu wa kuniuliza: "Mwalimu, sisi na Wayahudi wapi na wapi?" Leo namjibu mapema. Chuki hii haihitaji Myahudi awepo. Uingereza iliwafukuza Wayahudi wote mwaka 1290, na bado hadithi za kuwachafua zilisimuliwa kwa karne nyingi na watu ambao hawajamwona hata mmoja. Nanyi je? Huo ujumbe wa "Wayahudi ndio wanaoendesha dunia" mnatumiana kila siku hapa mjini.

Twende Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa, mwaka 1349. Tauni inaiteketeza Ulaya, na uvumi umeenea kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Ushahidi? Mwaka mmoja nyuma, kwenye ngome ya Chillon kando ya Ziwa Geneva, Wayahudi waliteswa hadi wakakiri walichotakiwa kukiri. Papa Clement wa Sita alipinga mwaka huohuo wa 1348: Wayahudi nao wanakufa kwa tauni, na tauni imefika hata kusiko na Myahudi. Hoja nyepesi, mtoto wa darasa la nne anaielewa. Haikusaidia. Februari 14 Wayahudi wa Strasbourg wakachomwa moto. Sasa nisikilizeni vizuri: siku hiyo tauni ilikuwa haijaingia mjini! Watu wamechomwa kwa ugonjwa ambao pale haujamuua mtu. Na moto ulipozimika, madeni ambayo Wayahudi walikuwa wakiwadai wenyeji yakafutwa, rehani zikarudishwa kwa wenyewe. Kwa hiyo mkisikia kundi zima linatuhumiwa, ulizeni nani aliona, kisha ulizeni nani atafaidika.

Mtaniambia hayo ni ya Wazungu wa kale. Hata kidogo! Kanda ya Ziwa vikongwe wetu wameuawa kwa kuitwa wachawi, ushahidi ukiwa macho mekundu. Bibi aliyepikia kinyesi cha ng'ombe miaka yote kwa kukosa kuni, moshi wote ule usoni, mlitaka macho yake yaweje? Na wenzetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa uongo wa utajiri.

Niharakishe. Hapahapa mjini, Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani mhariri wa Kangura, gazeti la Rwanda, pamoja na waanzilishi wawili wa RTLM, redio ya hukohuko iliyowaita Watutsi mende, kwa kuchochea mauaji ya kimbari. Majaji waliirejea kesi ya Julius Streicher, aliyechapa gazeti la kuwachochea Wajerumani dhidi ya Wayahudi enzi za Hitler, akanyongwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1946. Kosa lake lilikuwa maneno. Hukumu zote mbili ziko wazi, zisomeni.

La mwisho, najua linawawasha: "Na Palestina je?" Kuwalilia Wapalestina ni utu, na serikali ya Israeli ikosoeni kama mnavyokosoa serikali yoyote. Lakini Myahudi anayeishi Paris, au hapa Arusha, hakutoa amri yoyote kule. Kumtukana au kumpiga kwa sababu ya serikali isiyo yake ni dhuluma, na sitakubali mtu aniite msaliti kwa kusema hivyo.

Haya, leteni maswali. Atakayeanza na "watu wanasema", nitamuuliza ni watu gani.