Kivuli cha Dar Hakiwezi Kutoka Colorado

Wanaonijua wameshaanza kucheka, wanajua nitaanza na dira. Naam, naanza na dira. Kila mara naletewa picha za modeli za kompyuta za majengo ya Dar es Salaam: vioo vinang'aa, gari la kifahari limeegeshwa, na kivuli cha saa sita mchana, mwezi wa Juni, kimelala kaskazini. Kaskazini, jamani! Juni jua letu la mchana ndilo liko kaskazini. Kivuli kinaangukia kusini. Jengo la Dar, jua la Marekani. SketchUp, programu ya kuchorea majengo, usipoiambia uko wapi, inajiweka Boulder, Colorado, digrii 40 kaskazini ya ikweta. Sisi tuko karibu digrii 7 kusini.

Mtaniambia mteja hajui hayo. Hajui, lakini ndiye atakayekaa humo. Mzee mmoja wa Bagamoyo alionyeshwa picha ya nyumba yenye baraza upande wa kaskazini. Baraza yote imo kivulini, na kiti chake kimewekwa ukingoni kabisa. Akauliza: "Mwanangu, hiki ni kivuli cha saa ngapi?" Kijana akajibu, "Cha mchana, mzee, mwezi wa sita." Mzee akasema, "Basi hiyo nyumba si ya hapa." Hakuwa na kompyuta yule. Alikuwa na miaka ya kukaa barazani.

Na hesabu inampa haki. Mwishoni mwa Juni, mchana, jua la huku hupanda digrii 60 hivi kutoka upeo wa macho. Ukingo wa paa ukiwa mita 3 juu ya sakafu, jua linaingia barazani karibu mita 1.7. Kiti kinaungua. Desemba jua limehamia kusini, na limepanda zaidi, digrii 73 hivi. Mapema Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, linapita utosini, nguzo inakanyaga kivuli chake. Eti kivuli cha utosini hakipendezi? Sawa, chagua saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri, mimi sigombani na urembo. Nagombana na uongo. Weka mahali, weka tarehe, weka saa, halafu hakikisha kaskazini ya modeli ndiyo kaskazini ya kiwanja. Hili la mwisho ndilo mnaloliruka.

Haya, ardhi. Muda umekwisha nusu, na kosa ni langu... hapana, kosa ni la Colorado.

Mbona majengo yenu yanaelea? Mara nyingine modeli imewekwa juu kidogo ya bapa la ardhi, basi. Mara nyingine ni ramani ya kivuli, mbinu aliyoieleza Lance Williams mwaka 1978. Kompyuta hulinganisha umbali kutoka kwenye taa, na ili ukuta usijitie madoa yake wenyewe, kivuli husogezwa kidogo. Ukizidisha, kivuli kinaachana na mguu wa ukuta. Punguza taratibu mpaka viguse. Bapa la ardhi nalo lisiwe kimo kimoja na sakafu, zitagombania pikseli na picha itamemeteka.

Ukingo wa kivuli usiwe wembe kila mahali. Jua lina upana wa nusu digrii angani, kwa hiyo kila mita kati ya kitu na kivuli chake huongeza karibu sentimita 1 ya ukungu ukingoni. Mguu wa nguzo, mkali. Kuti la mnazi mita 10 juu, laini. Weusi kama lami pia acheni: mbingu inamulika ndani ya kivuli, na udongo mwekundu unarudisha wekundu wake ukutani.

Bapa la kudaka kivuli, lile lisiloonekana linalobeba kivuli cha modeli tu juu ya picha halisi ya kiwanja, kwenye programu ya Blender, mnaloniuliza kila siku: lipo, ndani ya Cycles, injini yake ya kutoa picha, ni kuweka alama tu. Ila kabla hujapiga picha ya kiwanja, simamisha fimbo wima, iingie kwenye picha, na uandike saa. Kivuli cha modeli kisipolingana na cha fimbo, usiniletee.

Maswali.