Toka na Maji: Mazungumzo ya Kutembea Pwani

Wazee wetu, ndugu zangu, habari za jioni. Sisi wa Entebbe maji tunayo na mchanga tunao. Lakini ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Ukilala ukaamka, ufuko ni ule ule. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kesho yake saa zinasogea mbele kama dakika 50. Utamu wa kutembea pwani uko hapo, na wengi wetu tunaukosa. Mtu anapanda basi Kampala hadi Mombasa, anapiga picha maji yamejaa, anarudi akisema bahari ameiona.

Muulize mvuvi maji yanatoka saa ngapi. Kama ni bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, yanakwenda mbali sana. Toka nayo. Vaa viatu, maana mawe yana viumbe wa miiba mirefu. Yakianza kurudi, geuka mara moja: mara nyingi hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako.

Mimi napenda zaidi ule mstari wa mwani mkavu, maji yalipoishia. Watu huuruka wakikimbilia kuogelea. Chuchumaa hapo, pekua kwa kijiti. Utakuta kifuu, mfupa mweupe wa ngisi, mwepesi ajabu, na ukibahatika, komwe: mbegu ya kijivu, ya mviringo, ngumu, laini kwa kushika. Huelea baharini muda mrefu na bado ikaota. Wapwani huichezea bao. Nyie wachezaji wa omweso, bao letu la Uganda, chukueni chache mzitikise mkononi, msikie zinavyogongana.

Kete, yale magamba ya konokono wa baharini, ni habari nyingine. Kabla ya shilingi, kete ndizo zilizokuwa fedha Buganda. Zililetwa na misafara ya pwani, zikatobolewa na kutungwa kwenye kamba. Babu zetu walilipa mahari na kununua mbuzi kwa nyumba ya konokono ambaye wengi wao hawakupata kumwona. Wewe utamwona. Yuko chini ya jiwe, ngozi yake laini imepanda na kufunika gamba lote. Mtazame, kisha rudisha jiwe taratibu, lilivyokuwa. Hata gamba tupu lichungulie kwanza, huenda kaa mdogo kahamia humo. Na ndani ya hifadhi za bahari, kama Malindi na Watamu, usiokote kitu. Ni sheria, na mimi naiunga mkono.

Ndala zilizotupwa nje ya hifadhi, hizo okota hadi uchoke! Lamu walizikusanya pamoja na plastiki nyingine za ufukweni, wakaunda jahazi la Flipflopi, likashushwa majini mwaka 2018. Mwaka 2021 lilisafiri kwenye Ziwa Victoria, na nadhani baadhi yenu mlioko hapa mliliona.

Haya, maswali. Ndiyo, mama, unaweza kutembea pwani hata wakati wa mvua.